Kishona-Nguo cha Milima ya Usambara

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na karibu yote ni kupanda. Huko chini Mombo ni nchi tambarare yenye joto na mashamba ya mkonge. Basi likiisha kukata kona chache upepo hubadilika, na abiria wasiozoea huanza kutafuta sweta zao katika mizigo. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde, na mto wasikika kabla hujauona. Watu wengi wameeleza habari za safari hii, wakayasifu maporomoko ya maji ya Soni, na msitu wa Magamba, na mahali pale Irente ambapo mtu husimama juu ya jabali akaiona nyika ya Mazinde imetandikwa chini yake kama mkeka. Nami nayasifu hayo yote. Lakini leo napenda kumwonyesha msomaji kitu kingine, ambacho hakuna mtu apandaye gari kwa ajili ya kukitazama. Nacho kipo njia nzima, kutoka Mombo hata Mtae, na mtu akishuka tu kujinyosha miguu, chenyewe humshika nguo. Hicho ni kishona-nguo.

Hapana shaka kila msomaji wa gazeti hili amekwisha kukiondoa katika suruali yake au katika pindo la gauni. Ni mmea wa kimo cha goti au kiuno, wenye shina la pembe nne na majani yaliyochongwa ukingoni kama msumeno. Ua lake ni dogo, la manjano katikati, na mara nyingi lina petali nyeupe chache pembeni, mara nyingine halina. Ua likikauka hubaki kichwa cha sindano nyeusi zilizotawanyika kila upande kama miba ya nungunungu. Sindano hizo ndizo mbegu. Wakikuyu hukiita mũceege, Waganda ssere, na Wanyarwanda inyabarasanya. Wasambaa wenyewe hukiita mbwembwe, na msomaji wa pwani ataona ajabu, maana kwake mbwembwe ni madaha ya mtu anayejionyesha. Sijapata mmea wenye madaha machache kuliko huu.

Tena si mwenyeji wa asili wa milima hii. Asili yake ni Amerika ya joto, na leo umeenea karibu katika nchi zote za joto duniani. Mtaalamu Carl Linnaeus wa Sweden aliuandika katika kitabu chake cha mimea mwaka 1753, akaupa jina la Bidens pilosa. Neno hilo bidens maana yake ni meno mawili, kwa kuwa mbegu yake ina meno kichwani, mawili au matatu. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kwamba kila jino lina vimiba vidogo vilivyoelekea nyuma, kama ndoana ya mvuvi. Kwa hiyo mbegu huingia katika nguo kwa urahisi, lakini kutoka hukataa. Katika sufu hushika kuliko katika pamba, na kwa kuwa watu wa Lushoto huvaa sweta nzito katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai, mbegu hizi husafiri sana wakati huo.

Wengine wamefaidika kwa akili ya namna hii ya mimea. Mwaka 1941 mhandisi mmoja wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini akaona vichwa vya mmea mwingine wenye vikulabu vimeshika nguo zake na manyoya ya mbwa wake. Akavitazama kwa hadubini, na kutokana navyo akabuni zile kanda mbili za kunatana ambazo leo hufunga viatu vya watoto. Basi mtoto akija nyumbani na viatu vya namna hiyo, na soksi zimejaa kishona-nguo, amechukua mguuni ufundi mmoja mara mbili.

Mmea mmoja wasemwa kuwa waweza kutoa mbegu 3,000 hata 6,000. Tena mbegu hizo si sawa zote, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Katika kichwa kimoja, zile za katikati ni ndefu, nazo huota upesi zikipata unyevu. Zile za pembeni ni fupi na ngumu zaidi, nazo huchelewa. Hivyo mama akilima leo akadhani amekwisha kazi, wale ndugu wafupi wangali wamelala udongoni, wakingoja mvua nyingine. Ni kama mtu mwenye busara asiyeuza mahindi yake yote siku moja.

Kwa kuwa husafiri kwa miguu ya watu na ya wanyama, kishona-nguo huota mahali watu wapitapo. Nimekwisha kutembea sana vijijini kwa kazi yangu ya ukarani, nikipeleka barua na kuandika majina, na naweza kusema kwamba mgeni akipotea njia katika vilima hivi na atafute mstari wa mmea huu. Upo kando ya vichochoro, penye visima, penye zizi la mbuzi, na mahali wanawake wanapotua mizigo kupumzika. Hata mlangoni pa kanisa upo. Jumapili asubuhi wanaume waliopita njia ya mkato husimama nje, mguu mmoja juu ya jiwe, wakichomoa sindano katika suruali kabla ya kuingia. Zile zinazoanguka hufagiwa siku ya pili hadi ukingoni mwa ua. Ndiyo sababu ua wa kanisa karibu kila mahali huku una mshipi wa kishona-nguo uliouzunguka, nao umepandwa na washarika wenyewe, wiki baada ya wiki.

Sasa twende mashambani. Kutoka mjini Lushoto hadi Irente mtu aweza kwenda kwa miguu bila haraka, na njiani ataona karibu kila namna ya bustani ya nchi hii. Mji wenyewe uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,400, na hewa yake hupendwa na kabichi, karoti, viazi, nyanya na matunda ya nchi za baridi. Vitu hivyo hupakiwa katika malori kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mashamba ni madogo, na mengi yamelala juu ya miteremko mikali, hata mtu hujiuliza mwenyewe hulima amesimama namna gani. Hapa wazee hawajasahau habari za matuta. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko, na kazi hiyo, ambayo wengi wa waliotaabika kwayo walikuwa wanawake, ilichukiwa mno hata ikaachwa mwaka 1957. Tangu miaka ya 1980 watu wamepanda mistari ya majani ya Guatemala kukingama mteremko, nayo hushika udongo na kulisha ng'ombe pia. Na katika mistari hiyo, chini ya kivuli cha majani marefu, kishona-nguo kimepata makao mema, maana jembe halifiki hapo kila wakati.

Hapo ndipo nilipomkuta mama mmoja akipalilia maharage. Alipalilia vizuri sana, mstari kwa mstari, lakini alipofika ukingoni akaacha kipande cha upana wa hatua moja, kimejaa kishona-nguo kichanga.

Nikamwamkia. "Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekwisha kupoa."

"Mama, mbona hapo umeruka?"

Akanyosha mgongo, akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Sikuruka. Hapo ni mboga. Kabichi ile pale ni ya lori. Hii ni ya chungu."

Jibu hilo lafaa lielezwe, maana msomaji wa mjini aweza kudhani kwamba majani haya huliwa siku za njaa tu. Sivyo. Huchumwa machanga, ncha zenye majani manne au sita, kabla ya kutoa maua, kwa kuwa yakikomaa huwa machungu na yenye nyuzi. Huoshwa vizuri, hukatwa, hupikwa, na wengi humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu. Mara chache hupikwa peke yake. Huchanganywa na mnavu, mchunga, mchicha au majani ya maboga, kila nyumba kwa kipimo chake, na mwenye karanga huzitwanga akazitia, mwenye maziwa hutia maziwa. Mboga hiyo pamoja na bada, yaani ugali wa muhogo, ndiyo chakula cha jioni katika nyumba nyingi. Mimi si mzaliwa wa huku, na kwanza ulimi wangu ulikataa. Sasa nikikaa wiki mbili bila uchungu ule mdogo naona chakula kimepooza.

Mwaka 1979 mtaalamu mmoja, Anne Fleuret, aliandika makala juu ya majani ya porini katika chakula cha watu wa Lushoto. Alionyesha kwamba majani haya yasiyopandwa huliwa mara nyingi, tena si na maskini tu, na kwamba huwapa watu sehemu kubwa ya vitu vinavyojenga mwili ambavyo unga peke yake hauna. Akina mama hawakungoja kuambiwa. Lakini ni vizuri kwamba limeandikwa, kwa sababu kitu kisichopimwa kwa kilo wala kuuzwa kwa lori ni rahisi kuhesabiwa kuwa si kitu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mtaalamu wa lishe hawezi kulitia katika mizani yake. Kabichi ina mwenyewe. Ukikata kabichi ya jirani wewe ni mwizi, nawe utapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kishona-nguo hakina mwenyewe. Katika vijiji nivijuavyo, mwanamke aweza kuingia ukingoni mwa shamba la mtu mwingine, akachuma kishona-nguo na mchunga, akatoka, wala hapana atakayemwuliza. Akimkuta mwenye shamba watasalimiana, na pengine mwenye shamba atamshukuru kwa kumpunguzia magugu. Hakuna sheria iliyoandikwa. Lakini mjane asiye na shamba, bibi aliyeachiwa wajukuu, msichana aliyehamia kwa mume juzi na bado hajapata bustani, hao wote hupika jioni kwa desturi hiyo.

Na desturi hiyo sasa imepata mashaka. Zamani adui wa kishona-nguo alikuwa jembe, na jembe laonekana. Leo katika bustani za nyanya na kabichi wengi hutumia bomba la mgongoni na dawa ya kuua magugu. Kazi ya siku tatu huisha asubuhi moja. Lakini ziko dawa ambazo haziliunguzi jani siku ileile. Jani hukaa kijani siku kadhaa kabla ya kugeuka manjano, na muda huo wote lapendeza machoni kama kawaida.

Katika kijiji kimoja upande wa Lukozi nilimwona bibi mmoja akirudi nyumbani jioni, na kanga yake imejaa majani mateule. Kijana mmoja akapita, akasimama, akamwambia kwa adabu, "Bibi, hayo umeyatoa pale chini? Jana bomba lilipita pale." Bibi hakusema neno. Alikwenda hata penye shimo la taka, akakung'uta kanga yote, akaenda mtoni kuifua. Mbuzi wake alikuwa akilia kwa kunusa majani, naye akamfukuza kwa fimbo asije akayala. Wajukuu wake wanne walikuwa mlangoni wakitazama. Usiku ule walikula bada na chumvi, mpaka jirani mmoja alipoleta bakuli la maharage.

Sikumwona mwenye shamba kuwa mtu mbaya. Shamba ni lake, na taabu yake naijua. Kishona-nguo si malaika. Kikiachwa katikati ya maharage machanga hushindana nayo kwa maji, mwanga na chakula cha ardhini, nayo maharage hushindwa. Katika kahawa pia ni gugu linalosumbua. Wataalamu wa kilimo wameona tena kwamba huweza kuhifadhi ule ugonjwa wa virusi unaonyausha nyanya kwa madoa, na vile vijiminyoo vinavyovimbisha mizizi, hata mkulima akipumzisha shamba lake maadui hao hungoja humo. Mwenye nyanya aliyekopa fedha za mbegu na mbolea hawezi kuambiwa acheke na magugu. Nami nikimsikia mtu akisifu mimea ya porini bila kuwa amewahi kupalilia nusu eka kwa mkono, huondoka pole pole.

Lakini kati ya kuliachia gugu shamba lote na kuliua hata ukingoni, pana nafasi ya hatua moja, kama ile ya yule mama wa njia ya Irente. Nilikaa naye kitambo, akanieleza kazi yake, na niliona kwamba ni kilimo kamili, si uvivu. Humo katika mistari ya maharage haachi hata mche mmoja. Ukingoni huuacha uote mvua ya kwanza, akachuma ncha kila baada ya siku chache, na kwa kuchumwa hivyo mmea hutoa matawi mapya machanga. Baadhi ya maua huyaacha kidogo, maana nyuki huyapenda, naye ana mzinga mmoja nyuma ya nyumba. Bali siku vichwa vinapoanza kukauka, kabla havijawa vyeusi, huchukua mundu akafyeka yote akawapa sungura na mbuzi. "Kikiwa cheusi umechelewa," alisema. "Hapo si wewe unayekipanda, ni kila apitaye."

Kwa habari ya dawa, nimeona katika kitongoji kimoja wamepatana hivi: mwenye kupiga dawa huchomeka kijiti chenye kitambaa chekundu penye njia ya kuingilia shamba, na hakiondoi mpaka majani yamekauka. Hilo halikuhitaji mkutano mkubwa wala fedha. Kitambaa kilikuwa kipande cha shuka lililochakaa. Watoto wote wa pale wanajua maana yake, na huwaambia bibi zao wasioona vizuri. Napenda kuona kijiti hicho katika vijiji vingine, na makarani wenzangu, ambao hupita kila nyumba, wangeweza kupeleka habari yake kuliko mimi kwa makala moja.

Tena wachumaji nao wana lao la kuangalia. Kishona-nguo cha kando ya barabara kuu ya magari, au cha penye jalala, kisichumwe hata kikinawiri namna gani. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mmea huu una nguvu ya kuvuta kutoka ardhini madini mabaya kama kadimi na kuyaweka katika mwili wake. Kinachonawiri juu ya betri iliyotupwa si mboga.

Nimeulizwa pia kuhusu dawa ya kienyeji. Ni kweli kwamba watu wa nchi nyingi husaga majani yake wakayaweka juu ya kidonda kibichi ili kuzuia damu, na huko Rwanda hasa mmea huu wajulikana kwa kazi hiyo. Kwa mkwaruzo wa jembe sina neno. Kwa jeraha kubwa, zahanati ipo.

Mgeni atakayefika Lushoto siku ya soko na aende mapema. Akipita mafungu ya kabichi na karoti, na makarai ya nyanya, atawaona wanawake wachache wameketi chini kando, wengi wao wazee, kila mmoja na gunia lake limetandikwa. Juu yake pana mafungu madogo ya majani yaliyofungwa kwa ugomba: mnavu, mchunga, na mbwembwe. Aulize yamechumwa wapi. Watamwambia bila kuona haya, hata jina la mwenye shamba na ni upande gani wa mto. Tena asikawie, maana saa nne ikifika mafungu hayo huwa yamekwisha.